Vifuniko vya Mitungi

Barua ya kumfuta kazi Wilkista, karani wa meza ya kupokelea maziwa, ilikuwa imeshaandikwa fundi Wabwile alipofika Kitale kutoka Bungoma. Ilibaki sahihi tu.

"Alhamisi tulimwaga tangi zima la maziwa," alisema Mathenge, meneja wa kituo cha kupokea maziwa. "Yalikuwa na dawa ya ng'ombe. Mashine ikasema ni maziwa ya Mama Gladwell. Na siku hiyo Gladwell alikuwa matangani Ndalu, hakuleta hata kikombe. Sasa nani aliingiza nambari yake kama si Wilkista?"

Wabwile ndiye aliyeifunga mashine hiyo ya kutambua na kupima maziwa ya kila mkulima, miezi miwili nyuma. Aliomba apewe siku moja. Alifungua kumbukumbu za Alhamisi akazisoma mstari kwa mstari. Hakuna nambari iliyoingizwa kwa mkono. Jicho la mashine lilikuwa limesoma kibandiko chenye nambari ya Gladwell saa moja na dakika kumi na mbili, asubuhi.

"Basi kibandiko kilikuwa hapa na mwenyewe hayuko," alisema.

"Ama mashine yako inaota," Mathenge akamjibu.

Kesho yake Wabwile aliketi karibu na meza ya kupokelea. Wakulima waliweka mitungi yao mmoja mmoja. Jicho lililokuwa juu ya meza lilisoma kibandiko kwenye kifuniko, Wilkista akafunua, mrija ukachota kidogo cha kupimwa, maziwa yakamiminwa. Majibu yangefika jioni. Hakuona kosa lolote. Wilkista hakumtazama hata mara moja.

Kisha akawafuata wakulima nje, kwenye mfereji wa maji, walikokwenda kuosha mitungi. Walitupa vifuniko vyote ndani ya beseni moja la maji moto. Aliyemaliza kwanza aliokota chochote.

"Wewe, hicho ni changu!" mama mmoja alipiga kelele.

"Chako kina jina? Chukua hiki, bana, mpira wake ni mpya."

Wote wakacheka. Wabwile hakucheka. Kituo cha kwanza alichofungia mashine kama hii kilikuwa Myanga. Kule hakuna mfereji; kila mtu huosha mtungi nyumbani kwake, na kifuniko hakiachani nao. Alibandika vibandiko juu ya vifuniko na vikafanya kazi vizuri. Alipokuja Kitale hakuuliza wanaoshea wapi.

Alirudi ofisini akamweleza Mathenge. Wilkista aliitwa.

"Wewe ulijua wanabadilishana vifuniko?" Mathenge aliuliza.

"Najua. Wameanza hiyo mambo kabla niajiriwe."

"Na hukusema?"

"Nilidhani mashine inajua. Si mlisema ati inajua kila mtu? Mliniambia nisiiguse, nifungue tu kifuniko."

Mathenge alimgeukia Wabwile. "Kwa hivyo makosa ni ya nani? Niambie kabisa."

"Mwenye ng'ombe aliyedungwa sindano alikosea kuyaleta maziwa yake hapa. Huyo hatumjui bado. Lakini jina la Gladwell niliweka mimi mahali panapohamahama. Wilkista hakufanya ila alichoambiwa."

"Wewe siwezi kukufuta. Si mfanyakazi wangu."

"Najua. Nitaandika barua kwa wakubwa wangu Bungoma, na nakala nikuachie. Ukishaisoma, utaamua kama bado unaihitaji hiyo yako."

Mathenge alisoma nakala hiyo mara mbili, amesimama. Alikuna kidevu. Mwisho alichukua barua ya kumfuta Wilkista, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni.

"Gladwell anakuja kesho," alimwambia Wilkista. "Ameapa atakutukana mbele ya watu."

"Wacha atukane, nimezoea," alisema Wilkista. "Nitakuwa hapo mezani."

Wakulima walipoleta maziwa asubuhi, Wabwile aliomba kisu, akaanza kubandua vibandiko kwenye vifuniko ili avihamishie kwenye mitungi yenyewe. Vibandiko vilikuwa mia moja na saba, na gundi aliyoichagua mwenyewe ilikuwa ngumu sana.