Ukiinuka, Sema

Benchi la watu sita limekaa sebuleni kwangu, na mimi ni mtu mmoja. Limeanzia dirishani likaishia kwenye mlango wa chumbani, ndiyo maana siku hizi mlango ule unafunguka nusu na mimi napita kiubavu, na mwili wangu huu. Wateja wanaoniletea nguo za kushona huniuliza kama nimefungua zahanati. Naketi katikati ya benchi, nakula hapo hapo, na kulia na kushoto kwangu ni mbao tupu.

Aliyelitengeneza ni marehemu mume wangu. Alikuwa seremala, na kanisa letu lilipopata paa alijitolea kutengeneza mabenchi yote. Yalikuwa mazuri ajabu, ila miguu aliiweka ndani mno. Ukiketi pembeni peke yako, upande wa pili unanyanyuka na wewe unakwenda chini. Basi tukazoea. Anayetaka kusimama alimnong'oneza jirani, "Nainuka," na jirani akasogea katikati. Hata wakati wa maombi ungesikia nainuka, nainuka. Wageni walidhani ni sehemu ya ibada. Nilipofiwa nililipenda neno lile kuliko mahubiri, kwa sababu nyumbani hakukuwa tena na mtu wa kuniaga.

Kisha Bibi Mkunga, aliyewazalisha nusu ya washirika wetu, akaanguka akavunjika mkono. Tulikuwa tumefumba macho tunaomba, tukasikia kishindo tu. Aliyeketi naye alikuwa ameinuka bila kusema. Bibi alipoulizwa ni nani, alijibu kwamba mifupa yake imezeeka.

Kikaitwa kikao. Wifi yangu, dada wa marehemu, ni shemasi, na ana mdomo usiohitaji kunolewa. Alisimama mbele ya kanisa zima akasema mabenchi yatolewe, viletwe viti vya plastiki.

"Kaka yangu alikosea vipimo," alisema, "na sote tumenyamaza kwa kumwonea haya."

Nikasimama na mimi. Nikamwambia mbele ya hao hao kwamba sikujua mtu anaweza kusutwa kaburini na dada yake wa tumbo moja. Watu wakagawanyika, wengine wa viti, wengine wa mabenchi, mpaka kwaya ikawa inaimba nusu nusu. Wa viti wakashinda. Mabenchi yakarundikwa nyuma ya kanisa, nami nikakodi mkokoteni nikachukua moja.

Kwetu, mwenye kinyongo na mwenzake haendi kwenye Meza ya Bwana mpaka wapatane. Hakuna anayekukagua, ni wewe na moyo wako. Basi kila Meza ilipoandaliwa, wenzangu walikwenda mbele na mimi nikabaki kwenye kiti changu cha plastiki, namtazama wifi amebeba sinia la mkate, uso mkavu. Nilimchukia kwa jinsi mikono yake ilivyotulia. Nikirudi nyumbani sikuwa na wa kumsimulia, maana tangu msiba niliyekuwa nikimsimulia kila kitu ni yeye.

Jumamosi moja, kesho yake ikiwa Meza, akatokea mlangoni na kitambaa cheupe mkononi. Alisema pindo la kitambaa cha Meza limefumuka, na fundi mwingine hajui kulishona. Uongo mtupu, pindo lile hata mtoto angelishona. Nilikipokea. Akasema atasubiri nje. Nikamwambia nje kuna jua, na mimi si simba.

Alitafuta pa kuketi. Stuli ya wateja ilikuwa na rundo la sare za shule. Akajibanza kwenye ncha ya benchi, kama mtu asiyetaka kugusa mali ya watu, na benchi likanyanyuka. Nilirukia upande wa pili kabla sijafikiri. Likashuka. Tukabaki hivyo, yeye dirishani, mimi mlangoni, na hakuna aliyeweza kusimama bila kumwangusha mwenzake.

"Wazimu wake ni ule ule," alisema.

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Nikashona kwa mkono. Nilipoinua macho, machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuwa anayafuta.

"Ni mimi niliyeinuka," alisema.

Siku ile alijiegesha kando ya Bibi watu wakiwa wameshafumba macho, akakumbuka hajafunika mkate, akakimbilia mbele, akaona haya kunong'ona wakati mchungaji anaomba. Nyuma yake Bibi akaanguka. Bibi alijua na hakumtaja, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Siku ya kikao alitafuta wa kumtwika lawama akampata kaka yake, kwa kuwa kaka hawezi kujibu.

"Na mkate?" nilimuuliza. "Unaumezaje?"

"Nawagawia wote. Wangu naurudisha kwenye sinia."

Nilikuwa nimemtazama miezi yote ile na sikuona. Tulikuwa na njaa moja, mimi nyuma na yeye mbele. Niliumia, na nilimwonea huruma, na hasira yangu ilikuwepo bado.

"Alikosea vipimo, kweli," nilimwambia. "Miguu iko ndani mno, kila mtu anajua. Lakini ungeniambia hapa, wifi, mimi na wewe."

Alitikisa kichwa kukubali. Akasema kesho, kabla ya Meza, atasimama mbele ya watu wale wale aseme ni nani aliyeinuka. Kuhusu viti hakulegea, na mimi kuhusu mabenchi sikulegea. Tulibishana hapo, kila mmoja kwenye ncha yake, mpaka tukafika mahali: tuliombe kanisa liite seremala asogeze miguu nje, mabenchi yarudi, na Bibi Mkunga apewe kiti chenye mgongo. Na wengine wakikataa? Tutawasikiliza, alisema, safari hii bila kusutana.

Nilikata uzi. Nikamsogezea kitambaa, akakikunja vizuri, akajifuta uso kwa mtandio. Hakukuwa na kazi nyingine iliyobaki. Nilijua akitoka chumba kitarudi kuwa vile kilivyokuwa, mbao huku na mbao huku.

Aliweka kiganja juu ya benchi.

"Nainuka," alisema taratibu.

Nilitakiwa nisogee katikati. Sikusogea.

"Bado," nilimwambia. "Kaa kidogo."

Akakaa.