Sandre wa Mferejini

Tangu Papa Mwamba apatwe na kiharusi mwezi wa Agosti, hakuwa ametamka neno. Mtaalamu wa matamshi alimfundisha Kifaransa kwa picha za paka na mikate, naye mzee alitazama tu nje ya dirisha la nyumba yao ya ughaibuni, mtaani Forest. Binti yake, Shekinah, alijua kwamba ujanani babaye alikuwa mvuvi huko Pweto, kwenye Ziwa Moero. Basi Jumamosi moja ya Desemba 2010, theluji ikiwa imetanda mjini, alimvika makoti mawili akampeleka kwenye mfereji mkubwa wa meli.

Ukingoni maji yalikuwa yameganda. Shekinah aliitoboa barafu kwa chuma, akateremsha ndoano yenye chambo, akamshikisha babaye uzi kwa mkono wa kushoto, ule uliobaki na nguvu. Wakakaa wakingoja. Baridi iliwapenya hadi mifupani, naye akaanza kujuta kumtoa mgonjwa nje.

Mara uzi ukatikisika. Shekinah akaudaka ili auvute.

"Acha," sauti nzito ikasema. "Acha akule kwanza."

Shekinah akapigwa na butwaa. Mzee alikuwa akiutazama uzi, wala si yeye.

"Papa, unasema?"

"Sasa vuta. Polepole, mutoto yangu."

Samaki aina ya sandre akaibuka tunduni, mrefu kama mkono wa mtu, macho yaking'aa kama kioo. Shekinah alilia huku akicheka. Mzee akamkagua samaki.

"Utamupika na nini?"

"Na nyanya, papa. Nitasonga unga, tutakula na bukari."

"Na pilipili," akasema kwa shida, lakini akasema.