Bonde Tulilolifunga Wenyewe

Mimi Asteria sijasoma sana, lakini ngitili naijua. Kwetu huku, mbele ya Samuye, mtoto anaijua kabla hajaanza shule: mvua zikianza mnatenga pale penye nyasi bora, na humo haingii hata mbuzi. Kiangazi kikikaza mnafungua, ng'ombe wanakula mpaka mvua zirudi. Sasa mtu aniambie, na asinizungushe, sisi tulikosea wapi.

Mwaka jana alikuja afisa misitu, kijana mmoja anaitwa Herman, mpole, salamu zake nzuri. Kwenye mkutano wa kijiji akasema msitu wetu utagawanywa: sehemu ya kuchungia, sehemu ya kuni na mizinga ya nyuki, na sehemu ya hifadhi ambayo haitaguswa. Hiyo ya mwisho, miti ya mpakani itapakwa rangi nyekundu. Akatuuliza tunataka iwe wapi.

Mume wangu Maige akasimama. Kwenye mambo ya ng'ombe mwanaume yule humwambii kitu. Akasema iwe kule bondeni, kwenye nyasi ndefu na dimbwi lisilokauka. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga. Nani asiyejua kwamba kinachofungwa ni kile kizuri? Herman akauliza kama tuna uhakika. Tukamcheka.

Bonde tulililinda kweli. Jirani yetu Mabula alimkuta mbuzi wake mwenyewe humo, akamchapa mpaka nikamhurumia mnyama. Kisha mvua za mwaka huu zikakata mapema. Ilipofika Agosti sehemu ya kuchungia ilikuwa vumbi tupu, na ng'ombe wetu saba mbavu nje, mmoja wao jike mweusi mwenye mimba. Hatuna kingine duniani. Wakifa hao, tumekwisha.

Asubuhi moja tukawaswaga mpaka kwenye miti ya rangi. Tukamkuta Herman na askari wake wawili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Tumekuja kufungua."

"Kufungua nini?"

Nikamwonyesha nyasi, zimefika kiunoni. Akaziangalia, akaniangalia mimi.

"Hapa hapafunguliwi, mama."

"Mpaka mwezi gani?" Maige akauliza.

"Hakuna mwezi, mzee. Ni hifadhi."

"Kiangazi ndiyo hiki," Maige akasema taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Kama hukuhifadhi kwa ajili ya hiki, umehifadhi kwa ajili ya nini?"

Herman akageuka kuwatazama askari wake. Nikaona naye amechanganyikiwa, na hapo ndipo hasira ikanipanda zaidi, maana nilitaka walau mtu mmoja pale awe anaelewa.

"Vijiji vingine vilitoa vilima vya mawe," akasema. "Ninyi mkatoa maji. Nilimwambia mke wangu nimekutana na watu wanaopenda msitu kuliko matumbo yao."

Nilitaka kumtukana, nikakosa tusi. Aliyosema yeye ni kweli, tuliyosema sisi ni kweli, basi uongo uko wapi? Nikamuuliza hivyohivyo. Akajibu kwamba mpango unaweza kupitiwa upya, ataupeleka wilayani, pengine baada ya mvua. Baada ya mvua atakuwa amebaki ng'ombe gani?

Wakati tunabishana, yule jike mweusi alishanusa maji. Akaanza kwenda. Maige akamkimbilia, akamkinga kwa fimbo, akampiga puani. Sijawahi kumwona akimpiga ng'ombe yule.

"Unampigia nini?" nikamfokea.

"Niliyesimama mkutanoni ni mimi," akasema. "Huyu akiingia humo, nitawaambia watu nini?"

Ng'ombe akapiga magoti, akalala, kichwa kikiwa ndani ya mpaka. Akanyoosha ulimi, akaanza kula pale pale alipoanguka. Askari mmoja akasogea. Herman akamshika mkono, kisha akageukia upande mwingine, akawa anatazama miti.

Yule tukamwacha ale. Wale sita tukawageuza wenyewe, kwa fimbo zetu, tukawarudisha vumbini.