Mpaka Ilie

Katika gereji ya Fundi Ntiamoah, pale Suame, mtaa wa magereji, nati haikuhesabiwa imekaza mpaka ilie. Dereva alisimama kando, akatega sikio. Sisi tulichomeka bomba refu kwenye mpini wa spana, tukaliegemea kwa uzito wote, na nati ikatoa mlio mkali wa chuma kinachoumia. Hapo dereva alitabasamu, akaenda zake ameridhika. Fundi alikuwa nayo spana ya kupimia mkazo. Ukifika pale unapotakiwa inasema tik, basi. Aliifungia kabatini. Madereva walidai chombo kinachonong'ona hakiwezi kushika gurudumu, wakatishia kuhamia gereji ya jirani.

Nilikuwa nimebakiza wiki moja. Miaka minne ya kulala na harufu ya grisi, na Jumamosi iliyofuata Fundi angenimwagia poda kichwani mbele ya ukoo wangu, nitoke pale nikiitwa fundi Fosuaa, si mwanafunzi tena.

Asubuhi hiyo kaka yangu Agyekum aliingia na basi lake limejaa watu wa msibani, wamevaa nyeusi na nyekundu tupu, wanakwenda kuzika Mampong.

"Dada, hebu zilize tena nati za nyuma," alisema. "Ule mlima wa Mampong hautaki masihara."

"Si nilizikaza Alhamisi?"

"Alhamisi ulikuwa na njaa. Nilikuona unavyolitazama bomba kama kiazi kikuu."

Abiria wakacheka madirishani. Nikachuchumaa kwenye gurudumu la nyuma, kushoto. Nati ya kwanza ikagoma inavyopasa. Ya pili ikagoma. Ya tatu ikazunguka. Haikuwa imelegea, ilizunguka tu bila kukaza zaidi, laini, kama mwiko ndani ya uji mzito. Mikono yangu ilielewa kabla yangu. Uzi wa bolti, ile mikunjo inayoshika nati, ulikuwa unaliwa huko ndani.

Na mimi ndiye niliyeuharibu. Zile nati tulizitoa kwenye kopo la nati kuukuu, tunazonunua kwa kilo kwa wanaobomoa malori. Alhamisi nilizianza kwa vidole, kama nilivyofundishwa mwaka wa kwanza: nati iende kwa vidole mpaka iguse chuma, ikigoma njiani irudishe, tafuta nyingine. Ziligoma kwenye mzunguko wa pili. Ukizitazama zilikuwa sawa na za bolti zile, ila nafasi kati ya uzi na uzi ilizidi kwa upana wa unywele. Fundi alisema, "Tia bomba." Nikatia bomba. Zililia vizuri sana.

Nikamfuata Fundi karibu, nikasema kwa sauti ya chini. "Hizi nati si za bolti hizi. Zimeua uzi. Tuzitoe zote, na bolti tubadilishe."

"Leo?"

"Leo, Fundi."

"Humo ndani kuna mjane. Saa sita wanamzika mumewe." Alinishika bega, kwa upole kabisa. "Na wewe Jumamosi ijayo una shughuli yako. Funga nati, mwanangu, na mdomo pia ufunge."

Nikamgeukia kaka. "Agyekum, usiende na gurudumu hili."

"Zilipolia nilikuwepo. Unataka nisadiki masikio yangu au maneno yako?"

Basi nikarudi kwenye gurudumu. Nikachomeka bomba kwenye ile nati ya kwanza, nikaegemea. Ikalia, abiria wakaitikia kwa furaha. Nikazidi kuegemea. Bolti ikakatika, kipande chenye nati kikaniangukia miguuni.

"Bahati mbaya," alisema Agyekum. "Zilizobaki zinatosha."

Nikahamia ya pili. Ikakatika. Nilipoikata ya nne Agyekum alinipokonya spana, akanizaba kibao mbele ya watu wote.

"Una wazimu?"

"Sasa haliendi," nilisema. Mdomo wangu ulikuwa na damu.

Mjane akashuka, Mama Nsiah, mwanamke mfupi aliyejifunga kitambaa chekundu kichwani. Hakunigombeza. Aliokota kile kipande cha bolti, akakitazama, akanikabidhi. "Mume wangu ananingoja, binti," alisema, "na wewe unachezea vyuma."

Pale uani palikuwa na basi jingine, la Bediako, aliyekuja kutengenezewa honi. Lilikuwa tupu. Fundi alipiga makofi mawili tu, na watu wakaanza kuhama na vikapu vyao na masufuria yao.

Ndipo nikakumbuka Jumanne. Basi la Bediako, magurudumu ya nyuma, kopo lile lile, bomba lile lile, mikono hii hii.

Nikasimama mbele yake. "Bediako, lako pia. Nipe nusu saa nilifungue."

"Ulivunje kama la kaka'ko? Ondoka, we dada. Langu lililia mpaka mbwa wakakimbia."

Abiria walicheka tena, safari hii kwa hasira. Fundi na Agyekum walinishika mikono, mmoja huku, mmoja huku, wakanivuta pembeni. Nilipiga mateke. Basi likapita mbele yangu. Nikaona nati za nyuma zikizunguka, zinang'aa, kila moja mahali pake. Nilimwona pia Mama Nsiah dirishani. Alikuwa akijipepea.

Agyekum alibaki na basi lake bovu, akinitukana. Fundi alinivua ovaroli pale pale.

Simu ilikuja kabla ya saa sita. Gurudumu la nyuma lilichomoka kwenye kona za mlima, basi likaenda korongoni. Watu tisa walikufa. Bediako. Mama Nsiah.

Agyekum alikaa chini, kwenye vumbi. "Usingezivunja..." alianza, akanitazama. Alikuwa mzima. Sikuweza kumgusa.

Jumatatu askari alikuja na daftari. Sikuwa wa pale tena, lakini nilikwenda.

"Nani alifunga magurudumu ya basi lile?"

"Wanafunzi huja na kuondoka, afande," alisema Fundi. "Nani atakumbuka?"

Wenzangu wote walitazama miguu yao. Agyekum, nyuma yangu, alinibana kifundo cha mkono kwa nguvu, akanong'ona, "Nyamaza. Una mimi tu, na mimi nina wewe."

Nikauchomoa mkono.

"Mimi," nilisema. "Jumanne. Nati zilikuwa za uzi mwingine, nikazilazimisha kwa bomba. Nilijua."

Askari aliuliza jina langu linavyoandikwa. Nikamtajia, herufi moja moja, polepole, asikosee.