Tangawizi ya Hobert

Pikapu ilikuwa imeshapita lango la shamba, godoro limefungwa juu kwa kamba, Orpha aliposema, "Simama, Delmer. Nimesahau tangawizi."

"Mama, huko Ohio tuendako maduka yamejaa tangawizi."

"Hiyo ni ya kula. Geuza gari."

Mwanawe akageuza huku ananung'unika. Nyumba ilikuwa imeuzwa juma lile, na mwenye nyumba mpya, Bi Janine wa mjini, alikuwa uani akipima pa kuotesha ukoka. Orpha akampita, akaenda nyuma chini ya mialoni, upande ambao jua la Kentaki halifiki. Hapo tangawizi mwitu ilikuwa imetandaa, majani mapana yamebanana hata udongo huuoni. Akainama, akayafunua. Maua yalikuwepo, rangi ya damu iliyokauka, yamelala chini kabisa kama vitungi vilivyoangushwa.

Mwaka alioolewa, hapo palikuwa tope tupu. Alikuwa akilia kila jioni akikumbuka kwao, juu kabisa mwanzo wa bonde. Siku moja mumewe, Hobert, alikwea hadi huko, akarudi na gunia la mizizi ya tangawizi hii, akailaza juujuu tu na kuifunika kwa majani makavu. Orpha alipotaka kumshukuru, mama mkwe alimziba mdomo kwa kiganja chenye unga.

"Mmea wa kupewa haushukuriwi, mwanangu. Ukishukuru, mmea unakufa."

Basi hakushukuru, si siku ile wala nyingine, mpaka wakamzika Hobert.

Sasa akamwambia Bi Janine, "Naomba vipande vya hii."

"Chukua, bibi. Hata yote. Mimi nitaing'oa."

Orpha akachimba, akaviringisha mizizi kwenye gazeti lililolowa, akaondoka kimya. Bi Janine akamtazama kama mtu aliyenyimwa salamu.

Delmer akaona haya. Alikuwa amekaa Ohio mno. "Asante sana, dada," akasema kwa niaba ya mama yake.

Orpha akasimama. "Umeiua."

"Mama, jamani, neno moja tu."

"Neno hilo baba yako amekufa hajalisikia, ili hii iishi. Wewe umelimwaga kama maji ya vyombo."

Orpha akarudi chini ya mialoni, akafukia ile mizizi pale pale. Akafikiri kidogo, mkono kiunoni.

"Bi Janine, hebu geuka utazame barabarani."

"Kuna nini barabarani?"

"Hakuna kitu. Nataka kukuibia. Cha wizi hakina wa kushukuriwa."

Bi Janine akacheka, akageuka. "Fanya haraka basi, bibi, nisije nikaita polisi."

Orpha akachimba mahali pengine, akaficha ndani ya koti, akapanda gari bila kuaga. Safari hii Delmer hakushukuru; akaondoa gari, wakavuka mto kuingia Ohio.

Mizizi ilishika nyuma ya nyumba ya Delmer, upande wenye kivuli. Orpha aliishi huko miaka sita, akarudishwa kuzikwa karibu na mumewe. Delmer alistaafu kiwandani na bado anaishi nyumba hiyo. Bi Janine aliotesha ukoka mara mbili chini ya mialoni, ukakataa. Akaacha tangawizi iliyobaki ienee. Baadaye aliuza nyumba akahamia pwani kwa dada yake.