Neno Lililong'olewa

Loi muuza tofu alikuwa na sauti ya kuamsha mtaa mzima. Kila asubuhi alipita na mzega begani akinadi, "Tofuu! Laini, ya motooo!" Akifika mlangoni kwa Yuk-kwan alinyamaza, akainamisha kichwa, akapita upesi, kisha akaanza tena kunadi nyumba ya tatu. Alifanya hivyo miaka minane. Mwanzoni mwa miaka hiyo, koo mbili zilipogombania maji ya mashamba ya mpunga, rungu lililompasua kichwa mume wa Yuk-kwan akafa lilikuwa mkononi mwa Loi. Wazee wakapatanisha koo, mambo yakaisha. Kwa Yuk-kwan hayakuisha. Alikuwa na kisu kimoja ambacho hakukitumia kwa kazi yoyote. Alikinoa tu.

Kazi yake ilikuwa kuchonga vitabu, kama nusu ya wanawake wa kijiji chao cha Ma Kong. Karatasi iliyoandikwa hubandikwa kifudifudi juu ya ubao, nawe unachimba kila kisicho neno, mpaka maneno yasimame yenyewe, kinyumenyume, yakingoja wino. Kujua kusoma si lazima. Wenye maduka ya vitabu mjini Fatshan walipenda hivyo, maana asiyesoma habishani.

Yuk-kwan alikuwa akisoma kidogokidogo. Alifundishwa na mtawa wa kike wa hekalu la Kun Yam, Mama wa Huruma. Neno lake la kwanza lilikuwa "kuua", kwa kuwa ndilo wanalolikana waumini katika kiapo cha kwanza. La pili lilikuwa "kuachilia". Limechongwa kwenye jiwe kando ya bwawa la hekalu, pale watu wanapowarudisha majini samaki na kobe waliowakomboa sokoni.

Mwaka wa nane alipewa kuchonga hadithi ya maadui wawili. Huyu alimuua yule. Wakazaliwa upya, yule akamuua huyu. Wakazaliwa tena, mambo yale yale, hata hakuna aliyekumbuka nani alianza. Katika maisha ya nne mwanamke amesimama juu ya adui yake aliyelala, kisu mkononi, na ghafla anauona mnyororo wote, yeye mwenyewe akiwa pete mojawapo. Ubao wa mwisho ulisema: akamwachilia. Yuk-kwan alilichonga neno lile huku akilia, mpaka ikabidi aukaushe ubao kwa upindo wa nguo. Jioni akakichukua kile kisu cha miaka minane, akamenyea tangawizi.

Ila hakumsemesha Loi. Hakujua aanzie wapi.

Ndipo akaja Bwana Tam, wakala wa duka la Fatshan, mbiombio kwenye chumba cha wachongaji, mashua ikimngoja.

"Dada Yuk, kazi safi sana! Kuna jambo dogo tu."

"Jambo lako dogo la mwaka jana lilinilia mwezi mzima."

"Hili ni neno moja. Ng'oa lile la mwisho, pachika kijiti tunduni, juu yake chonga hili." Akamwekea kipande cha karatasi. "Mashua inaondoka adhuhuri."

Yuk-kwan aliitazama karatasi, akairudisha mezani.

"Hili ni 'kuua', Bwana Tam."

Wachongaji wa meza nyingine wakainua vichwa.

"Nani kakufundisha kusoma wewe?"

"Kun Yam. Nami neno hili silichongi."

"Dada yangu, mwandishi keshakufa, hana habari. Msomaji kakaa sura ishirini akingoja damu, halafu jamaa anaachiliwa? Si watanizomea!"

"Basi wamengoja bure, kama mimi."

"Hiki ni kitabu! Hafi mtu hapa!"

"Miaka minane nimemuua mtu kila asubuhi," alisema Yuk-kwan. "Nimechoka. Simuui tena, hata kwenye karatasi."

"Hutapata ubao hata mmoja tena kutoka Fatshan."

"Sawa. Nitalima."

Tam akamgeukia Mama Ngan, mchongaji wa meza ya pili. "Mama, wewe una akili. Nichongee."

"Mimi?" Mama Ngan akapepesa macho. "Leo yana ukungu, mwanangu. Hata wewe sikuoni vizuri." Na dakika ile ile alikuwa ametoka kutunga uzi kwenye sindano.

Tam akafyonya, akanyakua patasi akachimba mwenyewe. Mkono uliozoea kalamu! Ubao ukachanika pembeni mwa tundu, kijiti kisingekaa tena, na neno lililong'oka likaruka sakafuni. Yuk-kwan akalificha chini ya unyayo. Tam akaondoka na ubao wenye tundu, akitukana mpaka gatini, na kitabu kikachapwa na nafasi nyeupe mahali pa neno la mwisho. Kila msomaji ajijazie lake.

Asubuhi iliyofuata Yuk-kwan alisimama mlangoni. Loi alifika, akanyamaza, akainama.

"Loi."

Mzega nusura umponyoke. "Napita tu, mama. Napita."

"Lete mkono."

Aliutua mzega. Akanyoosha mkono, akafumba macho, wala hakuuliza. Siku hii alikuwa akiingoja tangu zamani. Akahisi kitu cha baridi kikigandamizwa kiganjani. Alipofumbua macho aliona wino. Neno lililokuwa kinyumenyume mtini lilikuwa limekaa sawa mkononi mwake.

"Mimi sijui kusoma, mama."

"Nenda bwawani, hekaluni. Lifananishe na lile la kwenye jiwe. Ukiona watu wanafanya nini pale, utajua."

Alikwenda, mkono kaunyoosha mbele ili wino usifutike, tofu kaiacha barabarani ipoe. Yuk-kwan akailinda isiliwe na mbwa. Loi aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akajitwika mzega, akaenda zake.

Kesho yake akaja tena akinadi. Mbele ya mlango wa Yuk-kwan sauti ilimpasuka katikati, lakini alinadi. Yuk-kwan akatoka na bakuli.