Gari la Chanjo

Monika alikuwa anachuja asali pale kengele ya kanisa la kigango ilipogongwa. Gari la chanjo limefika. Akanawa mikono haraka, nta ikang'ang'ania kwenye kucha, akaenda hivyo hivyo. Tangu mvua za mwaka jana hakuna nesi aliyekanyaga kitongoji chao cha Ugalla. Zahanati iko ng'ambo ya mto.

Ndani ya kanisa, benchi la wanakwaya lilikuwa limegeuzwa kitanda. Nesi Dina akampaka tumboni mafuta ya baridi, akaweka juu yake kidude mfano wa redio ndogo.

"Tulia, mama. Sikiliza."

Kidude kikakwaruza. Halafu ikaja sauti ya mbio, kama mchi unaotwanga upesi upesi.

"Nini hiyo?"

"Moyo wa mtoto wako."

Monika alishazaa watoto nyumbani, na mmoja wao alimzika bila kusikia hata kilio chake. Hakujua kama mtu anaweza kusikika kabla hajazaliwa. Alishika ukingo wa benchi, akaogopa hata kupumua asije akaikatiza sauti ile. Wanawake waliokuwa wanapiga soga kwenye foleni wakasogea kusikiliza. Bibi Marsela, mkunga wa kitongoji, akapiga ishara ya msalaba.

Dina akasogeza kidude upande wa pili. Mchi mwingine ukaanza kutwanga, kwa mwendo wake wenyewe.

"Wako wawili."

"Yesu wangu!" Bibi Marsela akasogea karibu. "Miaka yote hii mimi nakisia kwa vidole tu."

Dina akapapasa tumbo kwa viganja, akashusha sauti. "Ila mmoja amelala kwa kukingama. Hapa usijifungulie, mama. Nenda Mpanda sasa hivi ukasubirie hospitalini, kabla mto haujajaa."

"Niende na nini?"

Dina akamtazama dereva Maduhu, aliyesimama mlangoni. Maduhu akavua kofia. "Dada, hili gari ni la chanjo. Kubeba mgonjwa mpaka kibali cha wilayani. Safari ile tuliomba kwa ajili ya mama mmoja kule Kabungu. Mpaka leo hawajajibu."

"Na yule mama?" Monika aliuliza.

"Tuliporudi tulikuta wameshamzika."

Monika akashuka kwenye benchi, akajifunga khanga, akatoka nje. Akafungua mlango wa gari, akaketi kando ya boksi la chanjo.

"Sishuki," alisema. "Fabiani yuko porini kwenye mizinga. Akirudi, nyie mwambieni mke wake kaenda Mpanda."

Bibi Marsela akaja na furushi la nguo na unga, akalipitisha dirishani. Dina akamaliza kuchanja foleni, ndipo akapanda mbele.

"Washa gari, kaka. Hayo ya kibali nitayajibu mimi."

Wakavuka mto. Kwenye njia panda alisimama mwanamke mwingine, tumbo limetangulia, anapunga mkono kwa nguvu zake zote.

"Jamani," Maduhu akanung'unika, "tukianza hivi tutafika kweli?"

Monika akavuta furushi lake, akasogea mpaka ukingoni mwa kiti.

"Simama," alisema. "Nafasi ipo."